Kona ya Dada: Sista Anayetazama Saa

Wapenzi wangu, wiki hii barua zilikuwa nyingi: mabwana wanaoficha simu, mashemeji wasiorudisha pesa, chama kilichovunjika kabla ya zamu ya mwenye barua kufika. Zote nimeziweka kando. Kuna moja kutoka Karagita, kule Naivasha kando ya ziwa, ambayo nimeisoma mara tatu. Nimeifupisha kidogo. Hospitali mwenyewe hakuitaja, nami simwulizi.

"Dada, salamu nyingi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nafanya kazi pakihausi, upande wa kugredi, katika shamba moja la maua. Mwezi jana tukiwa kazini tumbo lilinishika upande wa kulia hadi nikakaa chini. Supavaiza akaniitia boda, nikapelekwa hospitali. Nilifika saa kumi na mbili jioni. Nikapimwa presha na joto, nikaambiwa, 'Kaa hapo.' Nikakaa hapo hadi saa tano usiku. Aliyekuja nyuma yangu akapitishwa mbele. Watu watatu wakaniuliza maswali yale yale, kana kwamba wanatafuta nimedanganya wapi. Nikaomba maji, nikakatazwa. Sista mmoja akaniuliza mara ya mwisho niliona mwezi lini, na wanaume wamekaa pale pale. Halafu kuna yule mwingine, huyo ndiye aliyenichoma moyo. Alinishika mkono, na badala ya kunitazama mimi akawa anatazama saa yake, kama mtu anayengoja zamu iishe aende nyumbani. Hakusema neno. Akaandika, akaondoka. Dada, nilianza kutetemeka, vidole vikafa ganzi, moyo ukapiga mbio, nikajua nakufa na hakuna anayejali. Mwishowe nikafanyiwa ultrasaundi, kumbe figo ina maambukizi. Nilipewa dawa na nimepona. Lakini nimeapa sirudi. Na juzi mtoto wa jirani aliposhikwa na joto usiku, nilimwambia mamake asijisumbue na kasualti, anunue tu kitu kwenye duka la dawa. Nilikosea? Mama wa Wawili, Karagita."

Mama wa Wawili, pole. Naanza na pole kwa sababu nahisi hilo ndilo neno ulilolingoja saa tano nzima kwenye lile benchi na hakuna aliyekupa.

Kuhusu mtoto wa jirani, ndiyo, ulikosea, na kabla sijakuaga nitakutuma kwake. Lakini kwanza, wewe ni mtu wa kugredi, basi tuyagredi malalamiko yako. Mengine yalikuwa matunzo yaliyokuja bila maelezo. Mengine yalikuwa makosa, na sitayatetea. Usiku ule yote yaliingia ndoo moja, ndiyo maana yakakulemea.

Aliyekuja nyuma akapita mbele

Maua yakitoka grinihausi hayafungwi kwa kufuata ndoo iliyofika kwanza. Unatazama urefu wa shina, ukubwa wa kichwa, kama jani lina ugonjwa, ndipo unayatenga. Kasualti hufanya vivyo hivyo. Wahudumu wa afya huiita kazi hiyo triaji, neno lililotoka kwenye kitenzi cha Kifaransa cha kuchambua, na kabla halijaingia hospitalini lilitumika kwa watu waliochambua sufu na kahawa. Ni neno la pakihausi, mdogo wangu. Kisha vita vikalichukua. Dominique-Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, alishikilia kwamba majeruhi ahudumiwe kwa uzito wa jeraha lake, cheo chake kingoje.

Mwaka 2004 wataalamu wa Cape Town walianza kutunga mfumo wa rangi ambao baadaye ulienea katika nchi nyingine za Afrika. Mgonjwa wa rangi nyekundu huonwa papo hapo. Wa rangi ya machungwa, ndani ya dakika 10. Wa manjano, ndani ya saa moja. Wa kijani, ndani ya saa 4. Si kila hospitali ya kwetu inafuata mfumo huo huo, wala si kila usiku muda huo utatimizwa, lakini wazo ni moja popote uendapo: foleni ya kasualti inafuata hatari, haifuati saa uliyofika.

Kwa hiyo lile "Kaa hapo" lilikuwa habari njema iliyosemwa vibaya. Maana yake ilikuwa: tumekupima, na kwa sasa hatujaona kitu cha kukuua dakika hii.

Na kwenu Naivasha foleni hiyo inaweza kuvurugwa na barabara wakati wowote. Wengi wenu mnaukumbuka ule usiku wa Desemba 2016 kule Karai, lori la kemikali lilipolipuka kwenye barabara kuu na watu wapatao 40 wakapoteza maisha, na siku hizo madaktari wa hospitali za umma walikuwa kwenye mgomo. Hata bila msiba mkubwa kama ule, matatu moja ikipinduka, au mvuvi mmoja akikutana na kiboko ziwani, mwenye maumivu ya tumbo anasogea nyuma. Kusogezwa nyuma kuna sababu. Kusogezwa nyuma bila kuambiwa ndiko kusiko na sababu.

Maswali matatu matatu, na maji uliyonyimwa

Ulidhani wanakushika uongo. La. Wa kwanza alikuwa anatafuta rangi yako, wa pili anautafuta ugonjwa, wa tatu anahakikisha dawa anayotaka kukupa haitakudhuru. Na mgonjwa hukumbuka zaidi kila anapoulizwa. Mara ya kwanza ulisema tumbo. Sitashangaa kama ni mara ya tatu ndipo ulipotaja kwamba hata mkojo ulikuwa unachoma.

Maji nayo yalikuwa na maana. Maumivu ya upande wa kulia huenda yakawa kidoletumbo, na kidoletumbo mara nyingi hupasuliwa. Mtu akilazwa usingizi wa upasuaji na tumboni mna kitu, anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Walikuwa wanakuwekea mlango wazi wa chumba cha upasuaji, endapo ungehitajika.

Na lile swali la mwezi: mwanamke wa umri wa kuzaa akija na maumivu ya tumbo ni lazima aulizwe, na apimwe mimba, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba inaweza kupasuka na kumwaga damu ndani kwa ndani huku yeye ameketi kimya kwenye benchi. Swali lilikuwa sahihi. Mahali lilipoulizwa ndipo palipokosewa, na hapo narudi sasa hivi.

Ile saa

Nitakuambia kisa changu, na ni kisa cha aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka mama yangu kasualti usiku, kifua kimembana. Hospitali nami siitaji. Sista akaja, akasimama karibu na kitanda, mkono mmoja juu ya kifundo cha mama, macho yanakwenda kwenye saa, yanarudi kwa mama, yanakwenda kwenye saa. Nikaona dharau tupu. Nikafoka: "Kama umechoka nenda nyumbani, umekuja hapa kutazama saa?" Hakunijibu. Aliinua kidole kimoja hewani, kama mwalimu anayesema ngoja kwanza. Kisha akamgeukia mwenzake akasema, "Thelathini na mbili. Leta oksijeni, mwite daktari."

Alikuwa anahesabu pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mama alikuwa amefika 32, na mimi niliyelala naye nyumba moja sikuwa nimeona. Kupumua haraka ni mojawapo ya dalili za mapema kabisa kwamba mwili umeanza kushindwa, mara nyingi hata kabla presha haijashuka. Na hakuhesabiwi kwa kumwambia mgonjwa "sasa nahesabu pumzi zako", maana ukishaambiwa hivyo, hupumui tena kama ulivyokuwa. Basi sista anakushika mkono, wewe unadhani anapima mapigo tu, kumbe jicho liko kifuani. Kunyamaza kwake ni sehemu ya kipimo.

Nilimwomba msamaha asubuhi. Alicheka akasema amezoea. Neno hilo, amezoea, lilinikaa kuliko matusi.

Yasiyotetewa

Sasa ndoo ya pili. Kuulizwa habari za mwezi wako mbele ya wanaume ni kosa. Hata pasipokuwa na chumba, kuna pazia, na pasipokuwa na pazia kuna sauti ya chini. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakupa haki ya kuheshimiwa na kutunziwa faragha. Inakupa pia haki ya kuelezwa hali yako, na kwa lugha unayoielewa pale inapowezekana.

Nasisitiza lugha kwa sababu naijua Karagita. Ploti moja ina Mluo, Mluhya, Mkisii, Mkikuyu na Mturkana, na kuna aliyefika wiki jana kutafuta kibarua. Ukiwa umelala kwenye machela, wahudumu wawili wakasemezana kwa lugha ambayo si yako na mmoja akacheka, hofu yako itakutungia tafsiri, na hofu haijawahi kutunga tafsiri nzuri. Pengine walikuwa wanacheka habari za chakula cha mchana. Wewe sema tu: "Sista, naomba mniambie kwa Kiswahili nami nijue."

Jambo jingine: hukuniandikia kama ulipewa dawa ya kutuliza maumivu ulipokuwa ukingoja. Zamani ilidhaniwa kwamba ukimtuliza mgonjwa wa tumbo utamficha daktari ugonjwa. Imechunguzwa na kuonekana sivyo. Kwa hiyo omba. Usiumie kimya ukidhani ni ushujaa. Sista hawezi kuona maumivu kwenye kipimo cha presha, anayaona ukisema: "Kati ya sifuri na kumi, yangu ni nane."

Na kosa kubwa kuliko yote ni kwamba saa tano zilipita bila mtu kukuambia unangoja nini.

Hofu nayo ina mwili wake

Ile ganzi ya vidole haikuwa kifo. Mtu akiogopa mwili humwaga homoni za kukimbia hatari: moyo unakwenda mbio, mikono inapoa, pumzi zinakuwa fupi na za haraka. Ukipumua hivyo kwa muda, hewa chafu inapungua damuni kupita kiasi, na hapo vidole na midomo huanza kuwasha na kufa ganzi. Wewe ukiona hivyo unaogopa zaidi, na gurudumu linazidi kuzunguka. Presha nayo hupanda. Kuna watu ambao presha yao ni nzuri nyumbani, na wakiona tu koti jeupe inaruka. Ikitokea, omba upimwe tena ukishatulia.

Fanya hivi: vuta pumzi kwa pua polepole ukihesabu hadi nne, itoe kwa mdomo ukihesabu hadi sita, kama unapooza uji wa mtoto. Rudia kwa dakika tano. Kisha mwambie sista waziwazi: "Naogopa." Neno hilo si la aibu. Ni dalili kama joto na maumivu, na muuguzi aliyefunzwa anajua la kufanya nalo.

Lakini nisikie vizuri. Usijitibu kwa kusema "ni wasiwasi tu", wala usikubali mtu akuambie hivyo kabla hajakupima. Kifua kinachobana huenda kikawa hofu, na huenda kikawa moyo. Anayeweza kuvitenganisha ni aliye na vipimo mkononi.

Maswali matatu ya kwenda nayo

Mwaka 1985 msomi mmoja, David Maister, aliandika kuhusu namna watu wanavyohisi wanapokuwa kwenye foleni. Hakuwa akizungumzia kasualti peke yake, lakini ungedhani alikaa nawe kwenye benchi. Alisema kungoja bila kazi kunaonekana kurefu zaidi. Kungoja bila kujua mwisho wake kunaonekana kurefu zaidi. Kungoja bila kuelezwa sababu, vilevile. Na hofu, na upweke, vyote vinaivuta saa. Wewe ulikuwa na vyote vitano. Kwa saa ya ukutani ulikaa saa tano. Kwa saa ya moyo ulikaa wiki.

Huwezi kuongeza wauguzi usiku ule. Lakini kutojua unaweza kukupunguza kwa maswali matatu. Yaandike hata kwenye simu.

La kwanza: "Sista, mmeniweka kundi gani, la haraka au la kungoja?"

La pili: "Sasa hivi nangoja nini: daktari, majibu ya maabara, au kitanda?" Hili ndilo linalotuliza kuliko yote. Ukijua unangoja majibu ya mkojo, huwezi tena kudhani umesahaulika.

La tatu: "Nikibadilika, nimwite nani, na nikiona nini?"

Uliza kwa adabu, uliza mara moja, na ikipita saa nzima uliza tena. Usimshike aliyebeba sindano au anayesukuma machela. Ngoja aweke chini alicho nacho. Wazee walisema kuuliza si ujinga, nami naongeza kwamba kasualti kuuliza ni sehemu ya tiba. Kama mdomo wako ni mzito, nenda na mtu mmoja ambaye wake ni mwepesi. Mmoja, si ploti nzima. Msafara wa watu kumi unaziba njia ya machela, na kila mmoja akimwuliza sista swali lile lile, mgonjwa mwingine anakosa kuhudumiwa.

Beba kitambulisho, kadi za kliniki, dawa unazotumia zikiwa kwenye pakiti zake, shuka au leso, na chaji ya simu. Ninyi wa mashambani, kama mtu ameugua baada ya kunyunyiza dawa ya wadudu, bebeni jina la dawa hiyo, hata picha ya lebo. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa maji mengi na sabuni huku mkijikinga mikono yenu, na msimtapishe. Akitokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano na pumzi ikawa nzito, hiyo ni nyekundu.

Usiyopaswa kungoja nayo

Adabu ina mpaka. Simama upaze sauti, au mtume mwenzako apaze, ukiona mojawapo ya haya: kupumua kwa shida, kifua kubana kama umewekewa jiwe, uso kupinda, mkono mmoja kulegea au maneno kuparaganyika, damu isiyokatika, degedege, mtu kuzimia au kuanza kusema asiyoyajua, mjamzito anayetoka damu, au mwenye maumivu makali ya kichwa huku macho yakiona kiwi, mtoto aliyelegea, asiyeweza kunyonya wala kunywa, au anayetapika kila kitu. Na kama ulipimwa saa mbili zilizopita na sasa hali imezidi, omba upimwe upya. Rangi yako ya jioni si lazima iwe rangi yako ya usiku.

Hofu ya mfuko

Kuna hofu ambayo hukuiandika, lakini naijua kwa sababu kila mtu anayelipwa kwa mwezi anaijua: je, nikifika watasema leta pesa kwanza? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza meno: kituo chenye uwezo wa kutoa huduma ya dharura kikikataa, kinaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Dharura hapo ni pamoja na kukuimarishia hali na kukupangia rufaa ya kwenda kwingine. Haimaanishi kila kitu baadaye ni bure. Inamaanisha usifie getini ukitafuta deposit.

Kwa hayo ya baadaye, SHA, mamlaka ya afya ya jamii, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya hospitali, tangu Oktoba 2024, na wewe mwenye ajira unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Piga *147# ukiwa mzima, uhakikishe umesajiliwa na watoto wote wawili wameandikwa chini yako. Usiku wa manane ukiwa na mtoto mgongoni si wakati wa kuanza kutafuta nambari ya siri. Na kabla ya kuondoka hospitalini, omba barua ya ruhusa ya ugonjwa ya kumpelekea supavaiza. Najua nusu ya moyo wako ilikuwa kwenye benchi na nusu ilikuwa kwenye siku ya kazi inayokatwa.

Ukitendewa vibaya, andika tarehe, saa, na jina lililo kwenye beji. Anza na msimamizi wa zamu usiku huo huo. Asipokusikia, nenda dawati la huduma kwa wateja asubuhi, kisha idara ya afya ya kaunti. Kwa mwenendo wa muuguzi mwenyewe, kuna Baraza la Wauguzi la Kenya. Lalamika kuhusu tendo, usimtukane mtu. "Aliniuliza habari za mwezi mbele ya wanaume wanne" inasikika mbali kuliko "wale ni watu wabaya". Na aliyekutendea mema, mwandike pia jina lake. Hayo masanduku ya maoni hayakutengenezewa hasira peke yake.

Neno kwa masista wanaonisoma

Wadogo zangu wa sare, najua mpo, mnaniandikia pia. Mmoja aliniambia, "Dada, mnataka tutabasamu, na mimi nina wagonjwa kila upande." Namwelewa. Mwaka 2017 wauguzi wa umma waligoma karibu miezi mitano, na uhaba wa mikono haujaisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na nyinyi ndio mnaolala kwenye hicho, kama mnalala.

Lakini nina habari ya kuwafurahisha. Miaka ya 1980 muuguzi mtafiti wa Marekani, Patricia Larson, aliwauliza wagonjwa wa saratani ni tendo gani la muuguzi linalowafanya wahisi wanatunzwa, kisha akawauliza wauguzi pia. Wauguzi waliweka juu kusikiliza na kufariji. Wagonjwa waliweka juu ujuzi: sista ajuaye kudunga sindano na kuweka dripu, na ajuaye wakati wa kumwita daktari. Yaani mgonjwa anauona ujuzi wenu kama upendo. Shida ni pale ujuzi unapofanyika kimyakimya hadi unafanana na dharau. Hakuna anayewadai tabasamu la saa kumi na mbili mfululizo. Sentensi moja inatosha: "Mama, sijakusahau, tunangoja majibu ya maabara, yanaweza kuchukua saa moja." Sekunde tano. Na ukimaliza kuhesabu pumzi, mwambie umepata ngapi.

Sasa, Mama wa Wawili

Leo ukitoka kazini, kabla hujateka maji, pitia kwa jirani. Mwulize mtoto anaendeleaje. Mwambie ulisema kwa uchungu, na kwamba joto la mtoto, hasa mdogo, si la kubahatisha na dawa za dukani: kwanza zahanati apimwe malaria na mengineyo, na akiwa mlegevu, asiponyonya, akipumua kwa kasi au akishtukashtuka, moja kwa moja kasualti, hata usiku, hata benchi liwe refu namna gani. Mwandikie yale maswali matatu kwenye simu yake. Ikibidi, wewe ndiye uwe yule mtu mmoja wa kumsindikiza.

Na mkifika, sista akaja, akamshika mtoto, akanyamaza akitazama saa, mshike mama yake mkono umwambie asiseme kitu. Ngojeni hiyo dakika moja. Mwacheni ahesabu. Akishusha macho kutoka kwenye saa, ndipo umwulize kwa upole: "Sista, umepata ngapi?"

Kisha uniandikie alikujibu nini.

Dada yenu